Kigingi cha Kaka Eliakimu

Boston, Jumatatu, 4 Oktoba 1731
Swali limenisumbua tangu usichana: mtu akiuawa katika pambano aliloliridhia, sheria imwite marehemu au mkosaji? Leo limeingia nyumbani. Alfajiri kaka Eliakimu amechomwa upanga pambanoni na jirani yetu Jotham Pell, akafa. Sababu: kiti cha mbele kanisani! Sheria ya koloni iko wazi: aliyekufa kwa pambano hazikwi makaburini. Hufukiwa bila jeneza penye mti wa kunyongea, kigingi kimepigiliwa mwilini. Kaka yangu? Hasha. Nimesoma, nitapata njia.

Jumanne, 5 Oktoba
Nimemwambia mchunguzi wa vifo, Mzee Frisk, kwamba kaka aliuangukia upanga wake mwenyewe. Akavua miwani. Akaniuliza, binti yangu, niandike amejiua? Maana aliyejiua huzikwa njia panda, chini ya shehena ya mawe. Nikasema la, nimekumbuka sasa, ni wanyang'anyi. Akasema waungwana kweli hao: saa ya fedha wameiacha, na koti wamelikunja. Maskini kaka! Maisha yake yote hakukunja nguo, ila siku hiyo.

Jumatano, 6 Oktoba
Hila bora. Jotham akiapa kwamba ulikuwa ugomvi wa ghafla, itakuwa kuua bila kukusudia: yeye atachomwa chapa kidoleni tu, kaka atapata jeneza. Nimekwenda kwao. Mama yake akanicheka: umechelewa, msomi, keshapanda meli. Nikaulizia barua ya kaka ya kumwita Jotham pambanoni. Akasema anayo Frisk.

Alhamisi, 7 Oktoba
Mzee Frisk ameisoma barua mbele ya wazee kumi na wawili. Hoja tatu, kila moja mahali pake. Akasema Eliakimu hakuweza kuandika hata jina la ng'ombe wake. Aliyeandika hii ni fundi wa lugha.
Nikasema asante.
Asante!
Mimi nimeambiwa nirudi nyumbani. Sheria, alisema, haikumfikiria mwanamke mwenye kalamu. Jioni kigingi kilipigiliwa. Mapigo manane.

Jumapili, 10 Oktoba
Kaka aliuawa na upanga, au na wino? Na sheria ilimwadhibu nani, ikiwa yeye hakusikia mapigo na mimi niliyasikia? Sijui. Hukumu yangu siiamini, maana katika shauri hili mimi ni mshtakiwa, shahidi na karani.
Kanisani mama yake Jotham alikalia kile kiti cha mbele. Akanitabasamia.
Nimechonga kalamu. Rasimu ya kwanza ya barua kwake ina hoja nne.