Kutekwa kwa Benchi la Thiong

Njooni, enyi mliokaa na mliokosa pa kukaa! Zimeni redio, sogezeni vikombe, msikilize jinsi Wekesa, jabali la Bungoma, mpima mashamba wa Lodwar, alivyoliteka benchi huko Kakuma bila silaha yoyote ila saa ya mkononi.

Kilicholeta vita ni ukwe. Mama yake Maryanne, mke wa shujaa wetu, alikuwa njiani kutoka Webuye, na jioni ile angeingia katika chumba chao cha Lodwar chenye kitanda na kiti kimoja cha plastiki kilichopasuka. Kwa Wabukusu, mama mkwe kukalia kitanda cha mume wa bintiye ni balaa lisilofutika kwa mbuzi mmoja. "Akikaa kitandani," Maryanne alikuwa ametangaza kwenye simu, "narudi naye Webuye, wewe ubaki na kitanda chako."

Ndipo Wekesa, aliyekuwa Kakuma kikazi, akaiendea karakana ya Thiong, fundi mrefu kuliko mlango wake, aliyeugeuza mathenge, mti ule mvamizi, mng'oa meno ya mbuzi, kuwa samani za magogo zenye magome na mafundo yake yote. Benchi lilikuwa nje, kivulini, zito, tukufu. Juu yake walikaa watatu.

"Nimeshalilipia!" alinguruma Wekesa.

"Lichukue," alijibu Thiong bila kuinua macho kutoka kwenye patasi. "Lakini benchi langu jipya hukaliwa kwanza, nijue lina nguvu. Hao ni wapimaji wangu. Mimi sifukuzi wapimaji."

Wekesa akasimama mbele ya ngome. "Enyi wakaaji! Inukeni kwa heshima, kabla historia haijawainua kwa nguvu!"

"Ejok," Ekuru, mfugaji mzee, alimsalimu Kiturkana, kigoda chake kikiwa mkononi.

"Mzee, si una kigoda?"

"Hii ni ya kichwa nikilala. Matako ni kitu ingine."

"Piga kelele tu, afisa," alisema Nasro, muuza maziwa ya ngamia. "Wallahi, hapa kuna kivuli. Huko kwako kuna nini?"

"Miye sitoki, papa," aliongeza Caritas, mshonaji. "Miguu inaniuma tangu Bukavu."

Mara tatu alishambulia: kwa hoja, kwa soda, kwa jina la serikali. Soda zilinywewa. Ngome haikutikisika.

Saa tano shujaa akaacha hotuba, akatazama saa yake na mambo yalivyo. Kivuli kilikuwa upande wa magharibi wa karakana. Alipofika kilikuwa na upana wa hatua tatu. Sasa kilikuwa na moja na nusu. Wale watatu walikuwa wakilivuta benchi kuelekea ukutani, bila hata kukatiza mazungumzo. Wekesa akampigia simu Levis, dereva wa pikapu aliyoikodi, akamwamuru arudi kinyumenyume hadi karibu na benchi na kukunja turubai la nyuma tu, la juu libaki. Kisha, jambo gumu kuliko yote kwa mtu wa serikali, akanyamaza.

Saa sita jua likasimama utosini. Kivuli kilibaki upana wa ndala. Ekuru akatazama juu, akatazama ukuta, akatazama chini ya turubai, kulikokuwa na giza zuri.

"Pale," akasema.

Wakalinyanyua benchi kwa mikono yao wenyewe, wakalipakia, wakapanda, wakakaa. Levis akafunga mlango wa nyuma, injini ikaunguruma.

"Tunaenda wapi?" Nasro alishtuka.

"Lodwar."

Nasro na Caritas wakaruka chini wakimwita mwizi, mchawi na mla ushuru. Ekuru hakushuka. "Lodwar niko na dada," alisema. "Twende."

Saa kumi kasoro dakika nne mama mkwe aliinama mlangoni. Wekesa, kama adabu ya mkwe inavyotaka, alikuwa amejificha nyuma ya nyumba, hadi Maryanne alipotoa kichwa dirishani.

"Amekaa."

"Wapi?"

"Benchini, kando ya huyo mzee wako. Ndiye nani?"

Iandikwe basi, na vizazi vyote viinakili: siku hiyo, mjini Lodwar, mama mkwe wa Wekesa alikaa, na hakukaa kitandani.