Saa Yangu Katikati ya Kanga

Jumamosi, 3 Machi 1956

Umri miaka hamsini na tisa, na leo nimekuwa mchoraji! Sababu ni mke wangu, Mwanakheir. Tangu nistaafu ukarani anataka turudi kwao Jambiani, nikamsaidie kaka yake kusokota kamba. Mimi! Kamba! Nimemwambia kwamba Hasan, tajiri wa kanga wa Mkunazini, anatafuta mchoro wa kanga ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, na mchoro huo utakuwa wangu. Akasema vyema: Ijumaa Hasan akiukataa, Jumamosi tunafunga mizigo. Tumepeana mikono.

Jumapili, 4 Machi

Nimejifunza kuchora jogoo. Jogoo hatulii! Nimemfunga mguu kwenye kitanda. Akaitazama karatasi, akainyea. Mwanakheir akauliza kama nshachoka. Hata!

Jumatatu, 5 Machi

Nimekutana barazani na Machano, mwalimu wa zamani. Naye anapeleka mchoro kwa Hasan! Korosho nne pembeni, moja katikati, kama kanga zote tangu enzi za bibi yangu. Akaniuliza kwa upole nani amenifundisha kuchora. Nikasema kipaji. Akakohoa. Nakijua kikohozi cha husuda.

Jumatano, 7 Machi

Nimepata kitu kisichotembea: saa ya ukutani niliyozawadiwa nilipostaafu. Mduara nimeuchora kwa kuzungusha kalamu kwenye sinia la pilau. Nambari zimebanana, kumi na mbili ikakosa nafasi, nimeiweka nje kidogo. Machano atapeleka karatasi. Mimi nimechora juu ya kitambaa cha marikani, ukubwa wa kanga yenyewe, na pindo pande zote nne. Saa ipo katikati kabisa, kubwa, asiwepo wa kutoiona. Mwanakheir ameuliza kama nimewahi kumtazama mwanamke aliyejifunga kanga. Nikamjibu mimi mtu wa heshima zangu.

Ijumaa, 9 Machi

Ushindi! Hasan hachagui peke yake, huwaachia wanawake, na mkubwa wao ni Bi Kidawa, kungwi. Akikataa yeye, kanga itaozea rafuni. Korosho za Machano alizigusa kwa kidole, akasema si mbaya. Marikani yangu akajifunga kiunoni, juu ya buibui, akawapa mgongo wenzake. Saa ikakaa pale inapokaa. Akapiga hatua mbili. Mishale ikacheza! Duka zima vigelegele, mama mmoja akalia machozi. Jina la kanga Bi Kidawa akalitoa hapo hapo: ATAKAYE SAA NA ANIFUATE. Hasan ameuchukua mchoro! Machano akaondoka bila ya kuaga. Yale machozi sitayasahau. Sanaa ya kweli huwagusa watu.

Jumamosi, 10 Machi

Hatufungi mizigo! Mwanakheir amekubali kushindwa, amepika biriani. Akanieleza taratibu, kama anayemsomesha mtoto wa chuoni, katikati ya kanga humkalia mwanamke wapi. Nikamwambia hayo ni mambo ya washonaji, mchoraji hutazama mbali. Hasan anataka mchoro wa pili. Nimeshaamua: sura yangu mwenyewe, na kofia, katikati kabisa, kubwa kuliko saa. Mwanakheir aliposikia alikaa chini sakafuni, akajifuta macho, akaapa atanunua doti kumi azigawe Jambiani nzima. Miaka thelathini na miwili ya ndoa, leo ndio kwanza namwona akijivunia mume.