Boksi la Mtumba na Ndafu wa Misungwi

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Nilivaa kitenge kipya, kazi ya Wilhelmina, mabega yamesimama kama ya askofu. Padri alikuwa ndiyo kwanza anafika pale mitume wanaposhukiwa, kanisa zima kimya, gari langu huko nje likapiga honi. Ndefu! Lenyewe! Katekista Elias akatoka mbio. Akarudi akanong'ona, mnong'ono uliosikika mpaka kwenye kwaya, kwamba ni gari la Mama Alexander, hamna mtu ndani, waipa zinacheza na jua lote hili, milango inajifunga na kujifungua kama mdomo wa sato nchi kavu. Padri akasema Roho huja kwa namna nyingi.

Kanisa likacheka. Aliyecheka mpaka akashika benchi ni Josepha, Mama Muganyizi, mpishi mwenzangu wa sherehe hapa Kirumba. Mwenzangu kwa maana kwamba naye ana sufuria.

Huyu Josepha ana gari moja ila anatembea na rimoti mbili. Ya pili ni ya gari lake la zamani, pacha kabisa wa langu, lililopondeka akaliuza. Hataki kuiacha. Akishuka mahali anabonyeza zote mbili, watu wadhani ana magari mawili. Mimi siyo mtu wa kujionyesha namna hiyo. Mimi nina mtoto.

Jumatatu, 9 Juni

Alexander kaja. Mwanangu ni fundi umeme wa magari, ana cheti, ana kompyuta inayoongea na magari, na tangu Pasaka ana gereji yake Igogo, yenye bango. Bango nilichagua mimi. Herufi nyekundu.

Akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akatoka na kiboksi cheusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Akasema hii ndiyo kontroli boksi, ndiyo inayoamuru taa, honi, waipa na milango, na imelowa. Akakwangua kwa bisibisi. Akanusa. Bizari. Akauliza, Mama, mchuzi ulimwagika lini? Nikamjibu mchuzi wangu haumwagiki. Ngosha, dereva wangu, akageuka kutazama ziwa.

Mwanangu anaagiza boksi jipya Dar. Litafika na basi Ijumaa jioni. Halafu lazima alifundishe kwa kompyuta lilijue gari na funguo zake, maana boksi lisilofundishwa halimjui mwenye mali. Akaniapisha nisiguse kitu. Nikaapa.

Tatizo: Jumamosi ni harusi ya Selina, binti wa Mzee Mayala, Misungwi. Chakula chote changu. Jioni kamati ya harusi ikapiga simu. Habari za Pentekoste zimewafikia. Wanakuja Alhamisi kuliona gari. Likiwa bado na mapepo, chakula anapewa Josepha.

Anapewa nani?

Jumatano, 11 Juni

Nimepata ufumbuzi! Nimekwenda kwa Maige, muuza vipuri vya mtumba. Akaniambia shikamoo mayu, mama kwa Kisukuma, nikajua huyu ni mtoto wa watu. Akachimba kwenye rundo akatoka na boksi, pacha wa letu. Nikauliza limetoka wapi. Akajibu limetoka kwenye gari. Nikaridhika. Akalichomeka mwenyewe hapo hapo, bila kompyuta wala mbwembwe.

Taa, zimewaka. Waipa, zimelala. Honi, kimya mpaka uiguse. Nikamwambia Ngosha tupite mbele ya geti la Josepha. Tukapita. Tukarudi, maana hakuwa ametoka. Nikapiga honi kwa mkono wangu mwenyewe. Akatoka na mwiko. Akauliza nani katengeneza. Nikamwambia Alexander. Akasema lakini Alexander tangu jana yuko Geita. Nikamwambia katengeneza kwa simu. Akarudi ndani na mwiko wake. Siku tamu!

Alhamisi, 12 Juni

Kamati imeona, imekubali. Mzee Rugemalira, mwenye magari ya shule, naye ni mwanakamati. Kasikia habari ya kutengeneza kwa simu, kaomba namba ya Alexander. Magari yote ya shule! Usiku nimeshindwa kulala kwa furaha. Mtoto ndiyo kwanza ana gereji, tayari nimemletea mteja mkubwa, na hata jasho halijanitoka.

Kasoro ndogo: rimoti yangu haifungui tena mlango. Tundu la ufunguo nalo lilikufa siku nyingi. Siyo shida. Tunaacha kioo cha dereva wazi, unaingiza mkono, unafungua kwa ndani.

Ijumaa, 13 Juni

Alexander kapiga simu, karudi, boksi limefika, anakuja usiku huu kulifunga. Nikamwambia apumzike mwanangu, aje Jumapili. Akauliza, sasa kesho Misungwi mnakwendaje? Nikasema haloo? Haloo? Mtandao huu jamani! Nikazima.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa na kichwa kinauma.

Tuliondoka vizuri. Nyuma pilau, ndizi nyama, sato, kachumbari, nafasi ya sindano hakuna. Ndafu wangu, mbuzi mzima wa kuchoma, shada la giligilani mdomoni, tukamweka kiti cha mbele na kumfunga mkanda. Mimi nikajibana katikati. Kufika Misungwi nikashuka kuuliza jiko liko wapi. Ngosha akaona vumbi litamharibu ndafu. Akapandisha kioo. Akashuka. Akafunga mlango. Injini inaunguruma, ufunguo ndani.

Tak! Milango yote ikajifunga.

Nikabonyeza rimoti ya akiba. Kimya. Nikabonyeza kwa Ishara ya Msalaba. Kimya. Wageni wakaja kutazama. Watoto wakamsalimia mbuzi. MC akatangaza kwa spika kwamba chakula kimefika ila dereva mwenye pembe hataki kushuka. Mzee Mayala akauliza kwa upole, upole ule mbaya, kama wageni wake wataanza kula au wataanza kwenda nyumbani. Mtu akaokota jiwe. Nikasimama mbele ya kioo, mikono nimepanua.

Ndipo akaja Josepha, mgeni mwalikwa, kiremba kama antena. Akashuka kwenye gari lake. Kama kawaida yake akabonyeza rimoti ya kwanza, akabonyeza ya pili.

Pii pii! Gari langu likafunguka.

Josepha akaitazama rimoti. Akabonyeza tena. Likajifunga. Akabonyeza. Likafunguka. Maige! Boksi lile limetoka kwenye gari lake lililopondeka! Akanijia na meno yote nje, akauliza, Mama Alexander, mbona gari lako linanisalimia mimi? Nikamjibu lina adabu, limelelewa kwangu.

Chakula kililiwa. Mpaka ukoko. Ila MC alimwita Josepha mbele apigiwe vigelegele, na vigelegele vile ilitakiwa viwe vyangu. Hilo ningelimeza. Lakini nikiwa napakua pilau nikamsikia Mzee Rugemalira akiwaambia wenzake mezani kwamba fundi anayetengeneza gari lako likafunguliwa na jirani, huyo hampi magari ya watoto wa shule. Wenzake wakaitikia.

Nikampigia Alexander nikamweleza yote. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema tu, Mama, jina kwenye lile bango ni langu.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi kabla ya misa nimempigia Mzee Rugemalira. Nikamwambia aje kanisani kwetu, kuna kitu cha kuona, na kwamba boksi la jana alilichomeka muuza mtumba kwa amri yangu, kijana wangu hata hakujua. Ulimi uligoma mara kadhaa. Akasema atakuja.

Baada ya misa Alexander akafungua dashibodi pale pale uwanjani, watu wamezunguka. Akang'oa la mtumba, akaweka jipya. Akachomeka kompyuta, akalisomesha gari, akalisomesha funguo zangu. Shati jeupe, hajalichafua hata kidogo! Padri naye kasimama na soda. Alexander akamwomba Josepha, shikamoo mama, naomba ubonyeze ya kwako. Josepha akabonyeza. Kimya. Akasogea. Akabonyeza kwa vidole viwili. Kimya! Nikabonyeza mimi. Pii pii!

Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka wengine wakaona aibu kuniacha.

Mzee Rugemalira akampa mwanangu mkono, akamwambia kesho analeta gari la kwanza. Alexander akanigeukia, akanipa lile boksi la mtumba. Akasema, Mama, tupa hili, na safari hii usiguse tena gari, lako wala la mtu. Machozi yalinitoka. Nikaapa mbele ya Padri na soda yake.

Jumanne, 17 Juni

Boksi sijalitupa. Kitu kizima kabisa!

Na tazama Mungu alivyo. Leo alfajiri Kirumba yote imeamshwa na honi. Ndefu! Nikatoka na kanga. Ni gari la Josepha, hili jipya, alinunua la aina ile ile maana hana mawazo mengine. Waipa zinacheza. Milango inapiga makofi. Yeye mwenyewe amesimama na gauni la kulalia, rimoti mikononi, hajui ipi ni ipi. Na Jumamosi anapikia sherehe ya ubarikio Magu, watu wengi.

Roho iliniuma, ni jirani. Nikamkumbatia. Nikamwambia asihangaike na Dar wala mabasi, boksi ninalo ndani, lilikuwa lake, linamjua. Alexander atamfungia bure. Akalia kwa shukrani, akaniita dada.

Nimelifuta vizuri na kulifunga kwenye kitambaa cha kwaya. Mchana nampelekea Alexander gereji. Nitamwomba kitu kidogo tu kabla hajalifunga kwa Josepha: alifundishe liijue na rimoti yangu.