Gari Jeupe la Baba Mkwe na Taa Zangu

Jumatatu, 3 Novemba
Nimejitolea! Mbele ya familia nzima, chakula bado mdomoni. Jumamosi shemeji yangu mdogo anaolewa, na gari la kumbeba ni lile jeupe la baba mkwe. Nikasema nitaliosha na kulipiga polishi mwenyewe. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Baba mkwe akauliza kama si mimi kinyozi niliyemnyoa siku ya picha ya kitambulisho. Mzee huyu hasahau, ndiyo kasoro yake kubwa.

Tatizo dogo: mchana kutwa gari liko naye kazini, linarudi jua likizama. Itabidi nilioshe gizani. Hapo akadakia mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Ni fundi umeme, kwa hiyo penye balbu yoyote hujiona mwenye nyumba. Akashauri taa mbili nyeupe, ziwekwe chini, moja kila upande. Nikamshukuru sana. Nitaweka moja, tena juu. Hanifundishi mtu kuwasha taa!

Jumanne, 4 Novemba
Balbu niliitundika ukutani, mgongoni pangu. Sikujua kama nina kivuli kikubwa hivi. Nikisugua mlango, giza. Nikihamia boneti, giza hilo, limenifuata. Nikaigeuza taa initazame usoni. Kosa! Niliona nyota za kila rangi, gari sikuliona. Nilisugua kwa bidii kubwa kitu ambacho baadaye kiligundulika kuwa pipa la maji. Lakini pipa limetakata, hilo hakuna wa kuninyima.

Jumatano, 5 Novemba
Asubuhi baba mkwe alilizunguka gari taratibu. Akauliza kilichoisha ni maji au nguvu. Kushoto safi. Kulia sabuni imekaukia, michirizi kama ramani. Mwanyumba alikohoa tu. Kikohozi cha dharau!

Jioni nikaazima taa kali kwa mlinzi wa ghala la jirani. Gari likaonekana hadi moyoni. Nikalipaka nta mwili mzima. Nilichosahau ni kwamba mchana mvua ilinyesha. Kumbikumbi! Walitoka ardhini kama walioitwa kwa majina, wakatua kwenye nta mbichi, wakanasa. Nikawapepea kwa taulo, wakazidi kushikamana. Mke wangu akatoka, akatazama, akarudi ndani, akafunga mlango. Nilimsikia akicheka, wakipokezana na mama yake.

Alhamisi, 6 Novemba
Baba mkwe kauliza tangu lini magari yakaota mabawa. Akaenda nalo kazini hivyo hivyo, likipepea.

Mteja wangu mmoja, mfuga kuku, kaniambia wadudu hawaipendi sana taa ya manjano. Mwanyumba aliposikia akakubali, ila akaonya kwamba mwanga wa manjano huficha uchafu. Wivu huo! Nimefunga balbu mbili za manjano. Wadudu hakuna. Nta nayo hakuna, yote iliishia kwa kumbikumbi. Ndipo nikapata wazo: mafuta ya nywele ya pale kinyozini kwangu! Yanang'arisha vipara vya watu wazima, gari litashindwaje? Nikapaka kopo zima, hadi vishikio vya milango ya nyuma, atakapokaa bibi harusi. Chini ya mwanga ule gari likawa dhahabu tupu. Nikaenda kulala nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Novemba
Limerudi jekundu. Limenasa vumbi la mji mzima, majani mawili, unyoya na karatasi ya peremende. Shemeji alilitazama gari lake la harusi, akaangua kilio.

“Shemeji,” akaniuliza huku akijifuta macho, “kwani mimi nilikukosea nini?”

Binti huyu nimemwona akikua, daima ndiye anayenitetea mezani. Nikaenda mwenyewe kumgongea mwanyumba, nikamwambia nimemruhusu aje kusaidia.

Akaja na taa mbili nyeupe kwenye stendi fupi, akazisimamisha pembeni, mbali kidogo na gari. Ya tatu akaitundika getini, juu ya beseni la maji. Wadudu wote wakaenda kuoga huko. Mwanga ule wa pembeni ukafichua kila kitu: michirizi yangu, mabawa yangu, mafuta yangu. Taa isiyo na adabu hata kidogo! Tukasugua. Kwa kuwa sikutaka kuonekana sina mchango, nikaleta taa zote za kioo changu cha kinyozi, nikazichomeka kwenye waya uleule. Paa! Giza nyumba nzima. Ndani mama mkwe alikuwa kwenye cherehani, katikati ya pindo la gauni la harusi. Alichosema siwezi kukiandika. Mwanyumba akarudisha umeme, akanipa ndoo, akaniomba niishike tu, nisiende nayo popote.

Jumamosi, 8 Novemba
Gari linametameta! Majirani waliuliza limenunuliwa lini. Shemeji akanishukuru, nikajibu si kitu, huku nikimziba mwanyumba kwa bega.

Nyumbani milango ilikuwa wazi tangu asubuhi, ikifungwa riboni, basi bibi harusi aliingia vizuri. Kufika ukumbini, bwana harusi akashika kishikio. Mkono ukateleza. Akashika tena. Ukateleza. Yale mafuta! Tulisugua kila mahali, vishikio hakuna aliyevikumbuka. Baba mkwe akaja kwa hasira, akavuta kwa mikono miwili, akajikuta ameketi chini na suti yake mpya. Bibi harusi alicheka hadi akatokwa machozi. Mwishowe akafungua mwenyewe kwa ndani, jambo ambalo hakuna mwanamume yeyote pale aliyelifikiria.

Jumapili, 9 Novemba
Kikao cha familia. Baba mkwe, mkono kiunoni, katamka wazi kwamba nisiguse gari lake tena, mchana wala usiku. Mwanyumba kaongeza, kwa upole wa kuudhi, kwamba afadhali nibaki na vichwa. Nimekubali. Mtu mzima lazima ajue mipaka yake. Magari basi.

Ila geti lao limechujuka vibaya, na mzee hakulitaja kabisa. Kesho anasafiri, atarudi keshokutwa. Nitaanza jua likizama, ili iwe zawadi. Rangi ninayo, makopo mawili. Moja ni ya kijivu. Ya pili ni rangi gani, tutajua kukikucha.