Jinsi Khisa Alivyoiteka Sakafu ya Bi Hadiya

Sogeeni, enyi watu wa Bondeni! Acheni sufuria zichemke zenyewe, tulizeni watoto, mkasikie habari za Khisa, simba wa spana, mfunga mabomba wa karakana ya reli ya Nakuru, ambaye mwaka wa hamsini na saba alipigana na baridi ya Julai katika chumba cha futi nane kwa kumi, akachapwa vibaya mno, kisha akashinda.

Bi Hadiya, mamaye Obeid fundi cherehani, alikuwa ameletwa na mwanawe kutoka Mombasa baada ya kufiwa na mumewe. Mara tano kwa siku alisujudu juu ya saruji, na mara tano magoti yakamtesa, mkeka usifue dafu. Hata siku moja akatamka: "Obeid mwanangu, nakupenda, lakini nchi hii ina barafu chini ya ardhi. Mwezi ujao ukiandama na sakafu iko hivi hivi, napanda garimoshi, narudi kwetu." Obeid akakosa usingizi, kwa kuwa mama hakuwa naye mwingine.

Ndipo Khisa, jirani yake, aliposimama uani akatanua kifua. "Bwana Obeid! Mimi niliyenywesha injini zipandazo Mau, leo nishindwe na magoti ya mama mmoja? Nitalaza mabomba chini ya sakafu, nipitishe maji moto, mama adhani yuko Mombasa!"

"Mabomba ya kiasi gani, ndugu yangu?"

"Makubwa!" akanguruma Khisa. Lo, maskini! Mtu aliyezoea injini huona kila kitu ni injini.

Akaivunja sakafu ya kale, akatandaza mchanga, akalaza mabomba ya inchi mbili, manene kama mikono ya mpiga ngumi, hatua nzima kati ya moja na jingine. Akili haikumjaa, lakini ilimtosha kujaribu kabla ya kumwaga zege. Maji moto yakaingia. Bi Hadiya akavua ndara, akatembea toka ukuta hadi ukuta.

"Moto," akasema. Akapiga hatua. "Baridi." Akapiga nyingine. "Moto tena! Khisa mwanangu, hapa goti moja litaungua na jingine litaganda. Nimwombe Mola anichagulie?"

Shujaa akaketi juu ya mfuko wa saruji, fahari yote imemtoka. "Mama, umenipiga," akakiri. "Nimemjengea binadamu njia ya treni. Mimi ni mjinga wa inchi mbili kamili."

Bi Hadiya akamwonea huruma. Akapiga magoti mchangani, akanyoosha shubiri yake ndogo baina ya goti na goti. "Niwekee hivi," akasema. "Yasiachane zaidi ya hapa."

Basi Khisa akatwaa mabomba membamba ya robo tatu ya inchi, akayapeleka na kuyarudisha, huku na huku, mara kumi na tatu. Shubiri yake mwenyewe hakuiamini, maana ilikuwa pana kama sinia, basi kila alipofika kwenye kona alipaza sauti, "Mama, mkono!" naye Bi Hadiya akaunyoosha kwa madaha ya jemadari. Zege likamwagwa, likaachwa wiki tatu likomae, na Obeid akakonda kwa hofu.

Ikafika alasiri ya hukumu. Kuni zikawashwa chini ya pipa la maji ya mabomba, nje ya ukuta. Bi Hadiya akaswali, akamaliza, asiinuke. Mlangoni Obeid na Khisa wakachungulia. Akapapasa saruji kulia, akapapasa kushoto.

"Mama, chai tayari," akaita Obeid.

"Nileteeni hapa hapa. Kisha mwandikie mama yako mdogo Mombasa. Mwambie asiningoje. Aje yeye, na magoti yake."

Na iandikwe, enyi wasikilizaji, kwamba siku ile baridi ya Nakuru ilirudi nyuma futi themanini za mraba, na kwamba Khisa, simba wa spana, alilia machozi mbele za watu wazima, akasingizia moshi wa kuni.