Shukrani ya Fiasili Iliyokwama Njiani

Sogeeni, enyi wenye masikio, na anayemenya gimbi aweke kisu chini, kwa maana habari hii haitaki kusikilizwa na mtu mwenye kazi nyingine mkononi. Wako waliosimulia wafalme walioteka miji na majemadari waliovuka mito ya damu. Na wasimulie, hakuna aliyewazuia. Hapa inasimuliwa habari ya Fiasili wa Vaitolo, binti wa kisiwa jirani cha Savaii, mshika kalamu asiyerudi nyuma isipokuwa pale aliporudi nyuma, ambaye bila ngao wala jeshi alimshukuru Mungu kwa ajili ya wifi yake. Ee Bwana, uliyeupa mkono wa Daudi shabaha, ukampa Gideoni mitungi na mienge, tupe nasi pumzi ya kuifikisha habari hii mwisho, maana ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika.

Ilianza hivi. Mama Mchungaji alirudi kutoka mkutano wa wanawake huko mjini Apia akiwa amebeba boksi la madaftari. Akawagawia wanawake wa kanisa, kila mmoja lake, kisha akasimama mbele yao na upepeo wake mkononi.

"Mama zangu," alisema, "kila jioni mtaandika mambo matatu ya kumshukuru Mungu. Na kwenye ukurasa wa kwanza mtaandika lengo moja la mwaka, mliombee. Shukrani bila lengo husinzia, na lengo bila shukrani huota pembe. Ila lengo liwe na miguu. Ukiandika 'nataka kuwa mtu mwema', hilo halina miguu, litalala kwenye mkeka mpaka Krismasi. Andika utamtendea nani, na lini."

"Na likiwa na miguu likanikimbia?" aliuliza mmoja kutoka nyuma.

"Ndiyo maana nimesema mliombee."

Wanawake walicheka, ila Fiasili hakucheka. Alikuwa ameshikwa na bidii takatifu, ile bidii inayompata mtu baada ya wimbo mzuri, na kabla akili haijafika, mkono ulikuwa umeshaandika: Kabla Telesia hajapanda ndege, nitamshukuru kwa kinywa changu. Alipoinama kusoma alichoandika, alitamani daftari limezwe na ardhi. Lakini Mama Mchungaji alikuwa ameshapita nyuma yake, na ameshasoma.

"Hilo lina miguu, mwanangu," alimnong'oneza. "Tena mirefu."

Sasa inabidi adui atajwe, kwa kuwa hakuna vita vya mtu mmoja. Telesia alikuwa dada wa mumewe Fiasili, mjane, jirani wa nyumba ya pili, mwenye ulimi wa msumeno na kicheko kilichosikika mpaka kwenye miamba ya pwani. Miaka mingi wawili hao walikuwa chanda na pete. Fiasili alipoletwa bibi harusi kutoka Savaii, hamjui mtu, Telesia ndiye aliyeketi kando yake kanisani Jumapili baada ya Jumapili, akimnong'oneza sikioni yupi ni nani, yupi ni mkali, na yupi hapaswi kuazimwa sufuria.

Kisha ikaja sikukuu ya kuezeka kanisa upya. Fiasili alitaka mkono wake uonekane. Aliwafukuza vijana, ambao kwa desturi ndio wenye kazi ya tanuri la mawe, akafunga palusami yeye mwenyewe, majani machanga ya gimbi yaliyojazwa tui la nazi na kitunguu, akaiweka mbele ya wageni. Wageni wakasifu. Mzee mmoja wa kanisa alisema hajapata kuonja kitu kama hicho maishani mwake, na hilo lilikuwa kweli. Ndipo Telesia akainua sauti, meza nzima ikamsikia.

"Palusami ya wifi yangu inawafaa wanaofunga," alisema. "Nazi ilipita juu ya majani, ikasalimia, ikaenda zake."

Meza ikaangua kicheko. Na tangu siku ile, Fiasili hakuvuka tena ua wa maua mekundu uliotenganisha nyumba hizo mbili. Miezi ikapita. Halafu, kabla tu ya madaftari kugawiwa, mwana wa Telesia aliyeko ng'ambo, Auckland, akatuma tiketi: mama aende akaishi naye, ndege ni Jumanne, wiki kadhaa mbele. Na waendao huko hurudi kwa harusi na kwa mazishi, tena si kila harusi.

Hapa ndipo vita vilipopamba moto, na uwanja wake ulikuwa mstari mmoja wa daftari. Fiasili alimshukuru Mungu kwa mvua. Alimshukuru kwa jua lililoikausha mvua. Alimshukuru kwa nguruwe wake aliyezaa salama, na kwa nguruwe wa jirani aliyekufa kabla hajafika kwenye magimbi yake. Lakini kila jioni mstari wa tatu aliuanza hivi: Ninamshukuru Mungu kwa wifi yangu Telesia kwa sababu. Hapo kalamu ilisimama kama farasi aliyeona nyoka. Jioni moja aliisukuma kwa nguvu, ikaandika: kwa sababu anaondoka. Akayakata maneno hayo haraka kabla wino haujakauka, maana daftari lilikuwa la Mungu, na Mungu anasoma.

Kila Jumapili alasiri Mama Mchungaji alimuuliza, "Lengo lako limeanza kutembea?"

"Linatambaa, mama."

"Mtoto gani huyo anatambaa mwaka mzima?"

Jumamosi ya mwisho, Semisi mumewe aliamua kuingilia kati. Semisi alikuwa msemaji wa ukoo, mshika usinga na fimbo, mtu ambaye hata chumvi aliiomba kwa kutaja kwanza majina ya mababu. Alikohoa, akakunja miguu vizuri mkekani.

"Mke wangu," alisema, "nguzo ya mbele ya nyumba hii, ua lililovuka maji kutoka Savaii. Tangu zamani za wazee wetu, bahari ina miamba yake, na mwamba hauuombi radhi mtumbwi, wala mtumbwi haujawahi—"

"Semisi, sema."

"Sahani yake ipo kwetu tangu ile sikukuu. Mrudishie."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo, chai isingepoa."

Hata hivyo maneno yake yalimwingia. Fiasili aliitoa ile sahani juu ya kabati, akaipangusa, ingawa ilikuwa safi, akaketi kupanga vita. Naye hakuwa jemadari mjinga. Kule Vaitolo, kama vijiji vingine vya visiwa vile, kila jioni kome kubwa la baharini hupulizwa. Likilia mara ya kwanza, kila mtu arudi kwake. Likilia mara ya pili, sala imeanza katika kila nyumba, na hakuna mguu unaogusa njia; vijana wa kijiji husimama kando ya barabara, na mkaidi atakayepita hutozwa nguruwe, au sanduku la samaki wa kopo, kadiri ya ukaidi wake. Likilia mara ya tatu, watu wameachiwa.

Fiasili alipanga kufika kwa Telesia dakika chache kabla ya mlio wa kwanza. Angeweka sahani chini, angesema "asante kwa sahani", kome lingelia, naye angekimbia kwa heshima zake zote akiwa ameitii desturi. Lengo lilisema atamshukuru Telesia kwa kinywa. Halikusema kwa lipi. Aliona hata malaika wa kuandika asingekuwa na la kusema.

Lakini mvua ilipiga. Iliangukia mabati ya Vaitolo kama mawe yanayomwagwa kutoka lori, mtu asisikie hata mawazo yake. Ilipopungua, Fiasili alijifunika kanga ya kiunoni kichwani, akaikumbatia sahani kifuani kama ngao, akavuka ua wa maua mekundu kwa mara ya kwanza tangu tui lile lisutwe.

Nyumba ya Telesia ilikuwa ya nguzo, bila kuta, kwa hiyo adui alimwona akija tangu mbali. Telesia alikuwa amepiga magoti juu ya sanduku, akilifunga kamba. Pembeni, juu ya mikeka, aliketi bi kizee Pelenatete, mama yao Telesia na Semisi, mkwe wa Fiasili, aliyesikia anachotaka tu.

"Wifi," alisema Fiasili.

"Wifi," alijibu Telesia, bila kuiacha kamba.

"Nimekuletea sahani yako."

"Naiona. Nilidhani imeshaolewa huko."

Fiasili alifungua kinywa, na wakati huo huo kome likalia, refu na zito, kutoka upande wa kanisa. Moyo wake uliruka kama wa askari aliyesikia msaada ukija.

"Basi wifi, hilo la kwanza, acha niwahi nyumbani. Asante kwa—"

"La kwanza lipi? La kwanza limelia mvua ikinyesha. Hilo ni la pili. Kaa chini, usije ukamtia kaka yangu hasara ya nguruwe kwa ajili ya sahani."

Fiasili aligeuka kuitazama njia. Vijana walikuwa wamekwisha kusimama kandokando, mikono imekunjwa, nyuso zimekazwa kama mawe ya kaburi. Mbele maadui, nyuma maadui. Jemadari akaketi mkekani.

Wakaimba wimbo. Fiasili aliimba sauti yake ya pili, kwa mazoea, na sauti ya kwanza ya Telesia ikaipokea, kwa mazoea vilevile, na kwa beti tatu vita vikasahau kwamba ni vita. 

"Nani amekuja?" aliuliza bi kizee.

"Fiasili, mama."

"Basi aombe yeye. Mgeni ndiye anayeomba."

"Mama, Fiasili si mgeni," alisema Telesia.

"Kama si mgeni, mbona haji?"

Fiasili akainamisha kichwa, na hivyo akaingia uwanjani bila silaha, kwani daftari lilikuwa nyumbani.

Alianza mbali, kama jeshi linalozunguka mji likitafuta ukuta uliolegea. Alimshukuru Mungu kwa mvua. Alimshukuru kwa magimbi, kwa paa la kanisa, kwa mchungaji na mke wake, kwa wote walioko safarini, kwa serikali. Alimshukuru kwa nguruwe. Maneno yakamwishia. Bi kizee akafungua jicho moja.

"Ameishia kwa nguruwe?"

"Shii, mama."

Fiasili naye alifumbua macho kidogo, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa ile sahani. Akaikumbuka jioni ya sikukuu, alipokusanya vyombo peke yake huku machozi ya hasira yakimtoka. Katika kila sahani alikuta palusami yake, imefichwa chini ya mifupa ya samaki, imefunikwa kwa maganda ya ndizi, imesukumiwa pembeni na watu waliokuwa wameisifu. Sahani moja tu ilikuwa tupu, safi kama iliyooshwa. Aliijua ni ya nani, kwa ua la buluu pembeni. Aliijua tangu siku hiyo, na ndiyo sababu hakuirudisha.

"Na ninakushukuru, Bwana," alisema, "kwa wifi yangu Telesia. Kwa sababu tui lilikuwa jepesi. Lilikuwa jepesi kweli, wewe ulikuwepo. Wengine walinisifu wakaacha. Yeye alinicheka, akamaliza. Na Jumapili akiwa ameshaondoka sijui nani atakaa upande wangu wa kushoto anisengenyee watu sikioni. Amina."

"Amina," alisema bi kizee.

Amina ya Telesia ilichelewa. Alikuwa akiitazama kamba ya sanduku kana kwamba imemshinda, na yeye alikuwa fundi wa kufunga kamba.

"Nilikula hata lile jani la nje la kufungia," alisema hatimaye. "Lilikuwa na ladha kuliko ya ndani."

Fiasili alicheka kabla hajajizuia. Telesia akacheka kile kicheko chake cha kufika kwenye miamba, hata vijana wa barabarani, waliokatazwa kugeuka, wakageuka. Kome likalia mara ya tatu, watu wa Vaitolo wakaachiwa njia, lakini Fiasili hakuondoka.

"Kesho alfajiri," Telesia alisema akijifuta macho kwa kiganja, "kabla tanuri halijafunikwa, uje. Wewe utafunga majani, mimi nitakamua nazi. Siwezi kupanda ndege na ile ladha mdomoni."

Aliporudi nyumbani Fiasili alifungua daftari, akaenda kwenye mstari uliokuwa ukimngoja, akaumaliza. Halikuwa andiko refu. Semisi alisoma begani pake, akatafuta hotuba ya kufaa, akaikosa kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akaenda kumtengenezea chai.

Jumapili, baada ya ibada, jamaa wote walikaa mkekani kwa Telesia. Palusami ikafunguliwa. Tui lilikuwa limefurika, limepasua majani, limetiririka mpaka kwenye majivu. Telesia akachukua kipande, akatafuna polepole, na watu wakaacha kula wamtazame.

"Chumvi," alisema, "imezidi."

"Hiyo ni yako," alisema Fiasili. "Ulikuwa unalia juu ya nazi."

Na iandikwe basi katika kumbukumbu za kisiwa, chini kidogo ya vimbunga na juu kidogo ya mashindano ya kriketi, ili wajukuu wasije wakasema hatukuambiwa: ndivyo ilivyotwaliwa ngome ya Vaitolo, siku mbili kabla ya ndege, wala hakikumwagika kitu isipokuwa tui.