Matanga Niliyochelewa

Leo nimeaibika, jamani. Na kanisani, tena! Ninyi wa mtaa wetu wa Mapendo kule nyumbani mnaonifahamu, kaeni chini kwanza.

Asubuhi Kavira, yule rafiki yangu wa Butembo niliyekutana naye huku Italia, alinijia mlangoni: "Toka mu nyumba, mutu wangu. Uko naoza." Kweli nilikuwa naoza. Vita vilitutenganisha na mama: mimi nikafika huku, yeye akabaki kambini Kibati. Akafia hapo. Habari ilinifikia kwa simu nikiwa kazini, namwogesha bibi wa watu. Nikameza kilio. Jioni nikajaribu kulia, jirani akagonga ukuta. (Huku hata msiba una saa zake.) Tangu hapo sijamlilia mama, na kitu hicho kimenikaa kifuani.

Basi tukaenda kuangalia kanisa la zamani, katikati ya mji wa kale. Vichochoro vya mawe matupu, nami nimevaa viatu vya kisigino (mjinga mimi). Mlangoni simu ya Kavira ikalia. "Ingia, nakuya."

Nikaingia. Giza, baridi, mishumaa. Pembeni watu wamesimama kimya, wamezunguka sanduku la kioo. Ndani amelala padri mzee, kanzu ya dhahabu, viatu vipya, maua mabichi miguuni. Nikajua: mji huu umefiwa na padri wake.

Na hakuna anayelia! Hata mmoja! Wengine wanapiga picha! Roho iliniuma sana. Kwetu mnajua, mtu haingii matangani na mdomo mkavu. Ukinyamaza, watasema wewe ndiye uliyemloga. Sasa padri mzima alazwe hivi kama mzigo usio na mwenyewe? Nikasema hapana, si mbele yangu.

Nikakaza kitenge kiunoni. Mikono kichwani. Nikaachia: "Yoo! Papa we! Baba yetu, umetuacha na nani?"

Lile kanisa lina mwangwi, jamani! Sauti ilipanda mpaka darini, ikarudi, ikanikuta natoa ya pili. Watu wakageuka. Nikadhani wameguswa, nikaongeza bidii. Nikajitupa chini. "Papa we, hata kwaheri?" Halafu sijui ilikuwaje, mdomo ukabadili jina. "Mama we! Mama! Nani alikufumba macho?"

Hapo haikuwa tena adabu ya matanga. Nililia mpaka kamasi, kwenye marumaru ya watu, kiatu kimoja kimeenda zake. Bibi mmoja mwenye rozari aliinama akaniwekea mkono mgongoni, naye akaanza kufuta macho.

Mlinzi wa kanisa akaja mbio na maji. "Mama, ni ndugu yako?" Nikatikisa kichwa. Kwa Kiitaliano changu cha jikoni nikamuuliza padri amefariki lini, na mazishi ni saa ngapi.

Akaniangalia. Akaangalia sanduku. Akaniambia polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba huyu ni mtakatifu wa mji, mwili wake umehifadhiwa hapo. Kwamba hata babu wa babu yake alimkuta amelala hapo hapo.

Ndipo Kavira akaingia. (Sasa ndiyo anaingia!)

"Wee! Uko nalilia nani?"

"Padri."

"Ule? Alikufaka mbele Wabeleji bafike kututawala!"

Akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaniona uso, akaenda kunitafutia kiatu. Tumerudi nyumbani. Macho yamevimba, koo limekauka, lakini kifua kimekuwa chepesi kidogo.

Mtalii mmoja amerekodi yote. Mkiniona kwenye simu zenu, chekeni taratibu. Na atakayepita njia ya Kibati asimame kaburini, amwambie mama nimeshamlilia. Nimekosea maiti tu.